Nyumba ya bei kidogo, njia ndefu: uhesabu na usingizi wako

Ndugu mtumishi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu pamoja naye,

Pengine mmehama karibuni. Mmepata lupango huko Kalebuka, Kisanga, Luwowoshi ao Kasungami, pembeni ya mji wa Lubumbashi, mahali ambapo pesa ya mtumishi ingali inatosha kununua ardhi ao kulipa kodi ya nyumba. Tunawapongeza. Mwisho wa mwezi hakuna mtu wa kuwagongea mlango. Watoto wana nafasi ya kucheza, mama analima mahindi na sombe nyuma ya nyumba, na kuku wanatembea. Hatutaki kusema mmekosea. Tunataka kuongea nanyi juu ya deni moja ambalo muuzaji wa lupango hakuwaonyesha siku ile mlipokwenda kupima.

Wazee wetu hawakujua deni hilo. Toka miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuwaleta watumishi pamoja na bibi na watoto wao, na kuwakalisha katika kambi karibu na kazi. Hapa Lubumbashi mtu wa kambini alifungua mlango wake akaona mumbunda na shimene. Aliweza kwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, bukari ingali ya moto. Tusidanganyane, kambi nayo ilikuwa na uchungu wake: nyumba haikuwa yako, na kazi ikiisha, mlango nao unafungwa. Lakini usingizi wa mtumishi haukuliwa na barabara.

Leo kampani nyingi zilizokuja nyuma ya sheria ya migodi ya mwaka 2002 hazikujenga kambi kwa watu wote. Sheria ya kazi ya mwaka ule ule inaomba mwajiri atoe nyumba, ao akikosa nyumba atoe malipo ya nyumba. Wengi wetu tunapokea malipo, kila mmoja anatafuta mahali ambapo malipo hayo yanafika. Na yanafika mbali.

Sasa chukua karatasi na kalamu, tuhesabu pamoja. Tuseme zamu yako inaanza saa kumi na mbili ya asubuhi na kuisha saa kumi na mbili ya jioni. Bisi ya kampani haiingii ndani ya mtaa wenu, sababu njia ni mbaya; inapita kwenye barabara kubwa saa kumi na nusu ya usiku. Kutoka nyumbani mpaka kwenye bisi ni nusu saa kwa miguu. Basi unaamka saa tisa, unaoga, unakunywa chai, unatoka. Jioni unafika nyumbani saa mbili. Unakula, unasikiliza mambo ya watoto, jirani anaingia kusalimia, unalala saa ine. Toka saa tisa mpaka saa ine ni masaa 19 macho wazi. Usingizi umebaki masaa 5. Mtu mzima anahitaji 7 kwa uchache. Kila siku ya kazi unakosa masaa 2, na nyuma ya siku ine umekwisha kupoteza usiku mzima.

Je, hilo linafanya nini mwilini? Waganga waliopima jambo hili wameona kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo anakuwa mzito wa akili na wa mikono sawa na mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila litre ya damu. Fikiri vizuri. Ukifika kazini unanuka pombe, mkubwa wa kazi anakurudisha nyumbani. Ukifika na usingizi ule, hakuna anayeunusa. Unapanda juu ya kamyo kubwa, unakaa karibu na mkanda wa mawe, unashika kifungo cha mashini. Na usingizi wa namna hiyo hauombi ruhusa: macho yanafunga kidogo tu, sekunde tatu, mwenyewe hujui. Kamyo inayokwenda kilometa 40 kwa saa, katika sekunde tatu inapita mita 33.

Kwa hiyo usingizi wa baba ni kazi ya nyumba nzima. Mama, siku za zamu chakula kiwe tayari anapofika, na maneno ya pesa, ya shule na ya ukoo yangoje siku ya mapumziko. Nguo na viatu vya kesho vitayarishwe jioni. Hapo umekwisha kumpa robo saa. Chumba kiwe giza, redio izimwe. Baba naye akipata kiti ndani ya bisi, alale bila haya, hata kama wenzake wanacheka. Usingizi wa bisi si mzuri kama wa kitanda, lakini unapunguza deni. Na kilio? Hakuna anayeweza kukukataza kwenda kulia na jirani, hasa katika mtaa mpya ambamo unatafuta kujulikana. Nenda, toa mchango wako, kaa kidogo, uwaambie wenye msiba kwamba kesho uko kazini. Watu wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Njia yenyewe ni hatari ya pili. Saa kumi ya usiku, katika mitaa isiyo na taa, dereva anakuona umekwisha kuwa karibu. Vaa lile koti la kazi lenye mistari inayong'aa toka mlangoni kwako, usingoje kufika kwenye mgodi. Simama mbali na lami. Wengi wanachukua pikipiki ili kuokota nusu saa, na hapo tunaona jambo la kuchekesha ambalo halichekeshi: mtu amevaa kofia yake ya mgodi juu ya pikipiki. Kofia ile imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka toka juu. Ukianguka barabarani inaruka peke yake, wewe unabaki na kichwa. Kofia ya kweli ya pikipiki, iliyofungwa chini ya kidevu, inapunguza hatari ya kufa karibu asilimia 40. Nunua yako mwenyewe. Na usikubali kuwa mtu wa tatu juu ya kiti.

Tena, unapongoja bisi gizani, ni saa ya mbu wa malaria, anayeuma toka jioni mpaka alfajiri. Chandarua chako kimebaki kitandani, wewe uko kando ya mtaro wa maji. Mikono mirefu na soksi zitakusaidia.

Jioni kuna haraka nyingine: bisi inaondoka, wengi wanaacha kuoga kazini na wanarudi na nguo zile zile. Vumbi la mgodi linafika nyumbani, na mtoto anakuja mbio kukukumbatia. Oga kazini. Ikishindikana, vua nguo za kazi nje, zifuliwe katika beseni lake, mbali na nguo za watoto.

Sasa tuje kwenye lupango wenyewe. Mahali ambapo bomba la Regideso halijafika, kila mtu anachimba kisima, na kila mtu anachimba choo. Kati ya hivyo viwili inafaa mita 30, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Lakini lupango wa mita 20 kwa 25, toka kona mpaka kona ya ngambo, una mita 32 tu! Ina maana hata ukipanga vizuri kabisa, choo cha jirani kinaweza kuwa mita 5 toka kisima chako, nyuma ya ukuta. Usiseme maji yako ni safi kwa sababu ni meupe. Ongea na majirani kabla ya kuchimba, na maji ya kunywa yachemshwe ao yatiwe dawa ya klori, kwanza kabisa wakati wa mvua.

Mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia. Usiku kipimo kinaweza kushuka chini ya 10. Umeme ukikosekana, mama anaamka saa tisa kumchemshia baba maji, na sababu ya baridi anaingiza mbabula ndani, mlango umefungwa, watoto wanalala. Makala yanayowaka yanatoa gazi isiyo na harufu wala rangi. Inashika damu kwa nguvu kupita mara 200 kuliko hewa nzuri. Kichwa kinauma, matumbo yanapinduka, miguu inakataa kusimama, na anayelala hawezi kuamka. Mbabula iwashwe nje na ibaki nje, hata makala yakionekana yamekwisha kufa. Maji ya moto ndiyo yaingie ndani. Ukimkuta mtu amezimia, mtoe nje haraka kwenye hewa, kisha kimbia naye hospitalini.

Neno moja la mwisho juu ya njia. Sheria ya usalama wa jamii ya mwaka 2016 inahesabu ajali ya kati ya nyumba na kazi kama ajali ya kazi, ikiwa ulifuata njia yako bila kuikatisha ao kuiacha kwa mambo yako mwenyewe. Aliyepita kwanza kwenye bare atakuwa na shida ya kueleza. Ikikupata, julisha mkubwa wako siku ile ile, andika saa na mahali, namba ya motokari ao pikipiki, na majina ya watu wawili walioona. Chukua karatasi ya muganga wa kwanza aliyekutazama. Mama, weka namba ya simu ya kazi ya bwana wako ndani ya nyumba, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaweza kuiona, sababu siku hiyo yeye pengine hataweza kupiga simu mwenyewe.