SABABU YA KUCHELEWA KUINGIA KATIKA SEVA ZA MBALI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaarifiwa kwamba si kila kuchelewa kwa kompyuta hutokana na ubovu wa laini. Upo ucheleweshaji mmoja unaosingiziwa umbali, hasa katika vituo vya pembezoni kama Sumbawanga na miji mingine ya uwanda wa juu wa Ufipa, Mkoani Rukwa, ambao kwa hakika hauhusiani na umbali huo.

Dalili yake ni hii. Fundi aliyeko Sumbawanga anataka kuingia katika seva iliyoko Dar es Salaam kwa njia ya SSH. Anaandika amri, kisha skrini inanyamaza. Zinapita sekunde 10, 20, pengine 30, ndipo anapoulizwa nywila. Akishaingia, kazi inakwenda bila ya kukwama. Laini mbovu haina tabia hiyo. Ingelikuwa mbovu ingelisumbua mwanzo, kati na mwisho.

Hesabu nayo inathibitisha. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, kwa barabara ya Tunduma na Mbeya, ni zaidi ya kilomita 1,100. Mwanga ndani ya waya wa fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde moja, kwa hivyo safari ya kwenda na kurudi haifiki hata sehemu ya hamsini ya sekunde. Kuingia katika seva huhitaji safari kadhaa za namna hiyo, lakini si mamia.

Muda huo basi unapotelea wapi? Unapotelea kwa bawabu. Seva inapopokea mgeni huiona namba yake tu, yaani anwani ya IP. Baadhi ya seva zimepangwa zisimfungulie mgeni kabla ya kuulizia jina la mwenye namba hiyo katika mfumo wa DNS. Kwa kawaida mfumo huu hupewa jina ukatoa namba. Hapa huulizwa kinyume chake. Namba hupinduliwa, hivyo 10.20.30.40 huulizwa kama 40.30.20.10.in-addr.arpa, na jibu linalotarajiwa ni rekodi iitwayo PTR. Ni kama bawabu anayepiga simu masjala kuuliza mgeni ni nani, na huko simu inaita tu.

Inafaa ieleweke kwamba kukosa jina si tatizo. Masjala ikijibu mara moja kuwa jina hilo halimo, bawabu huendelea na kazi yake. Tatizo ni kukosa jibu. Kompyuta nyingi za Linux hungoja sekunde 5 kwa kila seva ya majina na kurudia swali mara mbili. Palipo na seva mbili za majina zisizojibu, sekunde 20 zimekwisha kupotea.

Ukimya huo mara nyingi hutokea pale ofisi inapotumia anwani za ndani, kama zinazoanza na 10 au 192.168, bila ya mtu yeyote kuandaa daftari la kinyume la anwani hizo katika seva ya majina ya ofisi. Kwa anwani za nje hali ni tofauti. Taasisi yenye jina lake chini ya .go.tz hudhani kwamba jina hilo limemaliza mambo yote. Sivyo. Daftari la kinyume humfuata mwenye namba, ambaye kwa kawaida ni kampuni inayotoa huduma ya intaneti, iliyogawiwa namba hizo na AFRINIC. Taasisi haina budi kuiomba kampuni hiyo iandike rekodi.

Dawa ya haraka ni mstari mmoja katika mpangilio wa seva: UseDNS iwekwe no. Programu ya OpenSSH imekuja na mpangilio huo tangu toleo la 6.8 la mwaka 2015, lakini seva za zamani, na zile zilizonakiliwa kutoka mipangilio ya zamani, bado huuliza. Fundi aangalie kwanza kama seva inaruhusu watu kwa majina ya kompyuta zao, kwani sheria hizo zitaacha kufanya kazi. Iwapo kuchelewa kutaendelea, uthibitisho wa GSSAPI nao utazamwe, maana nao huulizia majina.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mtu anayengojeshwa nusu dakika kila aingiapo huanza kuacha kompyuta wazi mchana kutwa, au kumwachia mwenzake nywila ili asihangaike. Nayo ofisi yaweza kununua kasi kubwa zaidi ya laini kwa fedha za umma, na zile sekunde 20 zikabaki vilevile.

Kwa hivyo watumishi wanaombwa, kabla ya kuomba laini mpya, wapime kwa saa muda unaopita kabla ya kuulizwa nywila, na kasi ya kazi baada ya kuingia. Vipimo hivyo viwili viambatanishwe na taarifa kwa msimamizi wa seva, pamoja na anwani ya IP ya kompyuta iliyotumika.