Konokono Hazuiliwi, Hutegwa

Mvua za Novemba zikishalowesha mchanga wa Tabora, tuta la mchicha linaweza kulala zima likaamka vijiti vitupu. Unatoka asubuhi na ndoo yako, unakuta majani yametobolewa, miche ya bilinganya imekatwa shingoni, na juu ya udongo kuna michirizi inayong'aa. Panzi hana ute, wala funza. Michirizi ile ni ya konokono, au ya ndugu yake koa, yule asiyebeba gamba, anayeshinda chini ya tofali mchana kutwa na kuingia kazini watu wakishalala.

Ninalima nyuma ya nyumba, Ng'ambo: mchicha, chainizi, mnavu, na nyanya wakati wa kiangazi. Mtaani kwetu kila mwenye bustani ana dawa yake ya konokono, na karibu zote zinatoka jikoni au jaani. Ninaliunga mkono jambo hilo, kwa sababu chambo cha dukani chenye metaldehaidi kinaweza kumuua mbwa wa jirani, na kukiweka penye kuku na watoto ni kutafuta balaa. Lakini hizo dawa za jaani nimezitumia karibu zote, na nimefikia uamuzi ambao majirani wengine hawaupendi. Takataka tunazozungushia miche ili kumzuia konokono zina faida ndogo. Zinazofanya kazi ni zile zinazomwita.

Chukua majivu. Mji mzima unapikia mkaa na kuni, kwa hiyo majivu hayakosekani. Yakiwa makavu humsumbua kweli: sehemu kubwa ya mwili wa konokono ni maji, hutembea juu ya ute wake mwenyewe, na majivu huunyonya ute huo hadi njia ikamshinda. Sasa jiulize konokono hutoka lini kwa wingi. Hutoka usiku wa mvua, na majivu yaliyolowa hayamzuii hata kidogo. Ua unaobomoka siku ile ile mwizi anapokuja ni ua gani huo? Kiangazi ni habari nyingine. Ukimwagilia kwa kopo karibu na shina bila kulowesha pembeni, mduara wa majivu hudumu siku chache. Faida yake nyingine ni kwa udongo wenyewe, maana mchanga wetu mara nyingi una tindikali, na majivu huipunguza na kuongeza potashi. Kiganja kimoja kimoja kinatosha. Ukimwaga debe zima, majani yatageuka manjano.

Maganda ya mayai yana sifa kubwa kuliko kazi yake. Wauza chipsi mayai huyatupa kwa ndoo, na watu huyaponda na kuyazungushia miche wakiamini ncha zake zitamkata konokono tumbo. Mwaka 2018 chama kikubwa cha wakulima wa bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilitangaza matokeo ya jaribio lake kwenye letusi. Kilijaribu maganda ya mayai, mkanda wa shaba, changarawe, magome ya msonobari na vidonge vya sufu. Letusi zilizozungushiwa vitu hivyo ziliharibiwa sawa na zile zisizozungushiwa kitu. Haishangazi, kwa kuwa konokono hutandika ute mbele yake, akapita juu ya wembe bila kuchubuka. Tena huyu mwenye gamba anahitaji chokaa ya kujengea gamba lake, na ganda la yai ni chokaa. Unadhani umemwekea miiba, kumbe umemletea saruji! Maganda yakaange, uyasage, uwape kuku. Pumba za mpunga kutoka mashineni nazo usizirundike kwenye shina, maana zikilowa koa hupata kitanda.

Machicha ya kahawa yana hadithi nzuri zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walieleza kwamba maji yenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2 huua koa na konokono. Habari ikaenea, na watu wakaanza kumwaga machicha bustanini. Ila kikombe cha kahawa hakifikii kiwango hicho hata kwa mbali, na machicha ni kile kilichobaki baada ya kafeini nyingi kwenda na maji. Wazee wa barazani wanaokunywa kahawa chungu kwa kashata wanaimaliza dawa wao wenyewe. Machicha yanamkera konokono kidogo tu. Yapeleke kwenye mboji.

Yapo mambo mawili ambayo ningeomba yaachwe kabisa. La kwanza ni chumvi. Magharibi yetu kuna Uvinza, ambako chumvi imepikwa kwa karne nyingi kutokana na chemchemi zake, na misafara ya kati ya Ujiji na Tabora iliibeba kama bidhaa. Chumvi tunaijua tangu zamani, na kweli konokono akinyunyiziwa hunyauka mbele ya macho yako. Lakini ile inayobaki kwenye tuta huunguza mizizi. Mahali pa chumvi ni kwenye ndoo, nitakueleza. La pili ni vumbi la tumbaku. Mkoa huu unalima tumbaku nyingi, na mabaki yake ni rahisi kupata. Nikotini ni sumu, hata kwako wewe unayeishika, na mabaki ya tumbaku yanaweza kuleta ugonjwa wa virusi unaoshambulia nyanya na pilipili. Usimfukuze konokono ukakaribisha virusi.

Sasa tuje kwenye kutega. Konokono huongozwa na harufu, na harufu anayoipenda kupita zote ni ya kitu kinachochacha. Hapo Tabora tumebarikiwa, kwa sababu mvua huja pamoja na maembe. Miembe mikubwa ya mji huu, ambayo wazee wanasema ilitokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji, huangusha maembe mengi kuliko tunayoweza kula. Jioni ninachukua maganda ya embe, au nusu ya ganda la papai, ninayalaza kifudifudi kati ya matuta na kuyafunika kwa kipande cha gunia lililoloa. Alfajiri ninafunua. Koa wanakuwa wamejipanga chini ya ganda, wameshiba, hawana haraka.

Chambo bora zaidi nimekipata kwa jirani yangu muuza maandazi.

"Shoga, maji ya kusuuzia beseni la unga usimwage."

"Utayanywa?"

"Wageni wangu wanayapenda."

Alicheka, akanipa, na tangu siku hiyo ananiwekea. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walichapisha matokeo yanayosema hivyo hivyo: unga wa ngano uliochanganywa na maji na hamira huvuta konokono na koa wa aina nyingi. Kama huna jirani wa maandazi, koroga kikombe cha unga, kijiko cha chai cha hamira na maji hadi uwe uji mzito. Mimina kwenye kopo la majarini na ulizike, mdomo wake ukibaki juu kidogo ya ardhi ili wadudu wenye faida wasitumbukie. Funika kwa kigae ili mvua isiingie, ukiacha nafasi ya kupita. Mabaki ya wanzuki pia yanafaa, kwa nyumba zinazokunywa.

Asubuhi wakusanye kwa mkono uliovikwa mfuko wa plastiki, uwatie kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Maji hayo yamwage mbali na bustani. Mwenye bata amelamba dume, ila asiwafungulie kwenye miche michanga, maana bata naye anapenda mboga. Nawa mikono, na mboga zioshe vizuri, kwa kuwa konokono wa nchi kavu wanaweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu. Wanaolima karibu na mabwawa ya Igombe na Kazima huuliza kama huyu ndiye wa kichocho. Siye. Wa kichocho huishi majini.

Anayedhani kuokota kwa mkono ni kazi ya wasio na dawa asikilize kisa cha Florida. Konokono mkubwa wa Afrika, ambaye asili yake ni pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, mwaka 1847 alikuwa ameshafikishwa Calcutta kutoka Mauritius, na baadaye akaenea visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami na konokono watatu kutoka Hawaii, na bibi yake akawaachia bustanini. Wakaongezeka hadi zaidi ya 18,000. Serikali ya jimbo ilitumia takriban miaka kumi na dola zaidi ya milioni moja kuwamaliza, kwa chambo na kwa kuokota.

Mambo machache yamalizie kazi. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, ili usiku ukute udongo umekauka juu. Rundo la mboji na matofali ya akiba viwe mbali na matuta. Na usingoje miche iliwe ndipo uanze kutega: mvua za kwanza zikinyesha, weka maganda ya maembe kwenye tuta likiwa bado tupu, okota kila alfajiri hadi uone wamepungua, ndipo uhamishe miche.