Mwenzi Wako Anapobadilika Ukubwani

Katika familia zetu tunasikia mara nyingi malalamiko haya: "Baba watoto amebadilika." Mtu aliyekuwa mchangamfu hataki tena maongezi. Usiku halali, mchana ana hasira, na ghafla anataka kuuza shamba anunue gari. Majirani husema amerogwa, au ana nyumba ndogo. Sisi tunasema: tusikimbilie kuhukumu.

Umri wa miaka 40 hadi 60 una mizigo yake. Wazazi wanazeeka au wanafariki, watoto wanaondoka nyumbani, kustaafu kunakaribia. Mtu hujiuliza: "Nimefanya nini maishani?" Mwaka 1965 mtaalamu Elliott Jaques aliandika juu ya msukosuko huu wa umri wa makamo. Wenyewe si ugonjwa, wala haumpati kila mtu.

Hata hivyo, mwili nao huchangia. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na huweza kusumbuliwa na joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi. Kwa wanaume, kisukari, shinikizo la damu na baadhi ya dawa zake huweza kupunguza nguvu za kiume. Wengi huona aibu kusema, hivyo hujitenga na wake zao.

Tufanye nini?

1. Tuulize kwa upole, wakati wa utulivu: "Baba Rose, naona siku hizi hulali. Una nini moyoni?" Kisha tunyamaze, tusikilize. Tusimcheke wala kumtangaza.

2. Twende pamoja kupima presha na sukari. Asiache dawa bila kumwona daktari, huenda zikabadilishwa.

3. Shamba, nyumba na akiba visiuzwe wala kutumiwa kwa uamuzi wa mmoja.

4. Huzuni ikizidi wiki mbili, au pombe ikizidi, tutafute matibabu. Akitamka kwamba anataka kufa, tusimwache peke yake; apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

5. Kuvumilia si kukubali kupigwa. Penye kipigo, kwanza ni usalama wako na wa watoto.

Nawe unayemtunza usibebe mzigo peke yako. Wasimamizi wenu wa ndoa hawakuwa wa siku ya harusi tu. Waendeeni, mkazungumze nao kabla nyumba haijabomoka.