Nukta na Mpokezano: Miswada ya Kimvita Mbele ya Tarakilishi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tarakilishi inavyosoma picha kwa hatua za kupokezana, na kuonyesha mahali ambapo njia hiyo yaweza kuidhuru miswada ya Kimvita iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mfano wa miswada hiyo ni mashairi ya Muyaka bin Haji, ambayo Mwalimu Sikujua alimsaidia W. E. Taylor kuyakusanya Mombasa katika karne ya 19.

Kupokezana si jambo geni katika Bandari ya Kale. Mahamali wakijipanga safu kushusha shehena ya jahazi, gunia la kwanza hufika ghalani ilhali la pili na la tatu yamo njiani. Tarakilishi nayo hupitisha kurasa katika hatua nne: kusafisha picha, kutenga mistari, kutambua herufi na kuunga maneno. Ikiwa kila hatua huchukua sekunde moja, kurasa 100 zikisomwa mmoja mmoja hadi mwisho zitachukua sekunde 400. Zikipokezanwa, sekunde 103 tu.

Usambamba ni jambo la pili: kazi moja kugawiwa mikono mingi kwa wakati mmoja. Kanuni ya JPEG ya mwaka 1992 huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na hesabu kuu ya kila kipande haingoji ya jirani yake. Hata hivyo, picha ikibanwa mno, alama ndogo hufifia.

Hapo ndipo penye hatari. Katikati ya neno, herufi be, te, nuni na ye zina umbo moja; kinachozitenga ni nukta. Hatua ya kusafisha ikiidhania nukta kuwa doa la wino, hatua zifuatazo haziwezi kuirejesha.

Isitoshe, waandishi wengi wa zamani walitumia be kwa sauti za b na p, wala hawakuandika m ya mwanzo katika mb. Kwa hiyo andiko moja laweza kuwa bata, pata au mbata. Mizani haiamui, kwani kila neno lina mizani mbili. Vina navyo ni vilevile. Maana ya ubeti mzima ndiyo iamuayo, na maana haipatikani kwa kipande kimoja kimoja.

Kwa muhtasari, tunapendekeza mambo matatu. Picha asilia ihifadhiwe bila kupunguzwa. Kila hatua ikabidhi inayofuata visomo vyote viwezekanavyo, si kimoja tu. Na mwisho wa safu akae mjuzi wa Kimvita. Mwendo wa safu nzima utafuata wake, naam; lakini gunia lililotoboka njiani halina faida kwa kuwahi ghalani.