Utangulizi: Jina Lako na Chumba Ulichopanga

Tuanzie Kaniama, mkoani Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jioni ya kiangazi, katika parsela (kiwanja) moja yenye nyumba za matofali ya udongo. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Kamina amepanga vyumba viwili. Vitu vyake ni godoro, masufuria, redio, paneli ndogo ya jua na betri yake, mbabula ya makala (jiko lake) karibu na mlango, rundo la daftari za wanafunzi, simu yenye laini mbili, na kadi ya mpiga kura aliyoiviringisha ndani ya nailoni. Ukimwuliza ana mali gani, atataja godoro na paneli. Kadi hataitaja, na simu ataipa bei ya sokoni tu. Hata hivyo, akipoteza kadi ile na namba ile ya simu, fedha alizoweka kwenye M-Pesa hazifunguki, mshahara unamhangaisha, na kwenye kizuizi cha barabarani hana cha kuonyesha. Mbabula ikipinduka usiku na kuunguza nyumba, mwenye parsela atamjia asubuhi kumdai nyumba yake.

Somo ninalokukaribishia linachunguza hatari hizo mbili pamoja: kuibiwa utambulisho, na kupata hasara katika nyumba isiyo yako. Vyuoni hatari hizi zimetenganishwa. Ya kwanza hufundishwa na watu wa sheria na kompyuta, ya pili na watu wa bima. Mimi naziweka kwenye jamvi moja kwa sababu mpangaji huzibeba pamoja, na kwa sababu zote mbili huishia kwenye swali moja ambalo mtu huulizwa akiwa tayari ameumia: unathibitishaje?

Tuanze na jina. Simama sokoni Kaniama uite "Ilunga", na watakaogeuka ni wengi. Ita Ngoy, Banza, Kabamba au Mwamba, mambo ni yale yale. Ndiyo maana wazee hawatosheki na jina. Wanauliza: wa nani, wa kijiji gani, mama yake ametoka wapi? Jina katika nchi ya Waluba lina ukoo nyuma yake, na aliyejitwalia jina la mwenzake zamani alikuwa na kazi ngumu ya kujitwalia pia wajomba zake. Kinga hiyo ilikuwa imara kwa sababu ilikaa vichwani mwa watu wengi kwa wakati mmoja.

Kisha yakaja maandishi. Chini ya Wabelgiji Mwafrika alitakiwa kuwa na kijitabu chake cha utambulisho. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, watu wakatafuta majina ya mababu kujaza nafasi, na tangu hapo Wakongo wengi huandika majina matatu ambayo mpangilio wake hubadilika kutoka karatasi hadi karatasi. Cheti cha shule kinasema Ngoy, kadi inasema Ngoie. Herufi hizo chache humsumbua mwenye jina dirishani pa ofisi, na humsaidia mwizi, kwa kuwa karani aliyezoea kuona majina yasiyolingana ameacha kushtuka.

Sensa ya mwisho ya watu Kongo ilifanyika mwaka 1984. Uandikishaji wa wapiga kura ulipofanyika mwaka 2005, kadi iliyotolewa ilipewa pia kazi ya kitambulisho cha raia kwa muda, mpaka kitambulisho cha taifa kitakapopatikana. Kadi nyingine zikatolewa mwaka 2011, kisha katika uandikishaji wa 2016 na 2017, kisha ule wa 2022 na 2023. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Félix Tshisekedi alikabidhiwa kitambulisho cha taifa kilichoandaliwa na ONIP, ofisi ya taifa ya utambulisho wa watu. Kwa mkaaji wa kawaida wa Haut-Lomami, kadi ya mpiga kura ndiyo bado inayotolewa mfukoni. Itazame vizuri: ina picha yako, tarehe na mahali ulipozaliwa, wazazi wako, asili yako, makazi yako na namba. Karibu kila swali ambalo mwizi angehitaji kulijibu kwa niaba yako limejibiwa hapo, kwenye kipande cha karatasi kisicholindwa na kitu isipokuwa nailoni.

Namba ya simu nayo imekuwa jina la pili. Vodacom ilileta M-Pesa Kongo mwaka 2012, miaka 5 baada ya Kenya, na Airtel Money na Orange Money nazo zipo. Mahali ambapo benki iko mbali kwa safari ya treni au pikipiki, kabini ya fedha za simu, na mwavuli wake kando ya barabara, ndiyo benki. Sasa angalia mwizi anavyofanya kazi. Hana haja ya kuvunja mlango. Anapata picha ya kadi yako, ama umeituma mwenyewe kwa WhatsApp kwa mtu aliyekuahidi kazi, ama umeiacha kwa mtu aliyekuandikishia laini. Anakwenda kudai kwamba simu "yake" imepotea, anaomba laini mpya yenye namba ile ile. Akipewa, simu yako inakatika mtandao huku ya jirani ikiendelea kushika. Hiyo ndiyo dalili, na dakika zinazofuata ni za kukimbilia kwa kampuni ya simu, si za kuzima na kuwasha simu ukingoja.

Njia nyingine haihitaji hata laini mpya. Watanzania wanaijua sana kupitia ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaotumwa kwa maelfu ya watu kwa matumaini kwamba mmoja wao kweli alikuwa njiani kumtumia ndugu fedha. Au unapigiwa na sauti yenye adabu inayojitambulisha kuwa ni ya kampuni, ikikuomba namba ya siri ili "kurekebisha" akaunti. Watu wengine huwalaumu waliodanganywa kwamba ni wajinga. Nakataa kabisa lawama hiyo. Mtu anayelelewa kumheshimu anayempigia kwa upole, na kumsaidia ndugu bila kumhoji, ametapeliwa kupitia malezi mema, na somo letu lazima limpe namna ya kujilinda bila kumtaka aache kuwa mtu wa watu.

Kuna desturi moja, hata hivyo, ambayo nitaisema wazi kuwa ni ya kuachwa. Jirani hana kadi, anaomba ya kwako akaandikishe laini. Ni vigumu kumkatalia mtu mnayechota naye maji kisima kimoja. Lakini laini ile, hata akiiuza kesho, ni yako kwenye vitabu vya kampuni, na siku ikitumika kutapeli mtu Lubumbashi, njia ya upelelezi inaishia mlangoni kwako. Msindikize jirani huyo apate karatasi zake mwenyewe, kwa shefu wa kartie (mtaa) na kwenye ofisi ya hali ya raia. Huo ni msaada mkubwa kuliko kadi ya kuazima. Sheria nayo imeanza kushika upande huu: Kanuni ya Dijitali ya Kongo, iliyotolewa kwa sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inagusa ulinzi wa taarifa binafsi na makosa ya mtandaoni.

Sasa twende kwenye chumba. Wengi humwona mpangaji kama mtu asiye na cha kuwekea bima, kwa kuwa kuta si zake. Wazo hilo lina makosa mawili. Kwanza, vitu vilivyomo ni vyake, na bima ya mwenye nyumba, kama anayo, inalinda kuta na paa lake bila kugusa godoro la mpangaji. Pili, na hili ndilo linaloshangaza wanafunzi kila mara, mpangaji ana deni ambalo bado halijazaliwa. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya 1804 ilimfanya mpangaji ajibu kwa moto ulioteketeza nyumba, isipokuwa athibitishe kwamba ulitokana na ajali isiyozuilika, kasoro ya ujenzi, au ulitoka nyumba ya jirani. Kongo ilirithi sheria zake za mikataba kutoka ukoo huo, kupitia Ubelgiji, kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Angalia uzito umewekwa wapi: si mwenye nyumba anayetakiwa kuthibitisha kwamba ulikosea; ni wewe unayetakiwa kuthibitisha kwamba hukukosea, ukiwa umesimama juu ya majivu. Na hata mwenye nyumba akilipwa na kampuni yake ya bima, kampuni hiyo inaweza kuchukua nafasi yake na kukufuata wewe.

Kinachonunuliwa na mpangaji basi ni vitu viwili katika mkataba mmoja: fidia ya mali yake, na ulinzi wa dhima yake kwa mwenye nyumba na majirani. Wazo ni la zamani. Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, Nicholas Barbon alianza kuweka nyumba bima mwanzoni mwa miaka ya 1680, na nyumba ya mbao ilitozwa zaidi kuliko ya matofali. Mkazi wa Kaniama anaelewa hesabu hiyo bila mwalimu. Anajua tofauti ya nyasi na mabati pale moto wa porini unapokaribia mwezi wa nane.

Katika Kongo yenyewe, bima ilikuwa ya serikali peke yake kwa karibu nusu karne. SONAS, kampuni ya bima ya serikali, iliundwa Novemba 1966, na wengi waliijua kupitia bima ya gari iliyolazimishwa kwa sheria ya Januari 1973. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilivunja ukiritimba huo na kuleta msimamizi wa sekta, ARCA, na tangu 2019 kampuni binafsi zimepewa vibali. Nyingi ziko Kinshasa na Lubumbashi, na sitamdanganya msomaji kwamba mpangaji wa Kaniama anaweza kesho kuvuka barabara akanunua bima ya vyumba viwili. Ndiyo maana swali la kwanza la kumwuliza yeyote anayekuuzia karatasi ya bima ni kama kampuni yake ina kibali cha ARCA. Wakala wa uongo wa bima ni ndugu wa mwizi wa jina.

Lakini wazo lenyewe halihitaji kuletwa na kampuni. Tazama matanga. Mtu akifiwa, daftari linafunguliwa, kila nyumba inaandika kiasi chake, na hakuna anayesema alitoa mwaka jana bila kupata kitu. Hiyo ni bima kamili: wengi wanatoa kidogo, aliyepigwa anapokea. Likelemba, mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, ni kitu kingine, ingawa watu huvichanganya. Katika likelemba zamu ikifika unapokea, uwe umeunguliwa au hukuunguliwa. Chama cha wapangaji au cha walimu kinachotaka kujikinga na moto kinapaswa kufuata mfano wa matanga: mfuko usioguswa mpaka hasara itokee, na kanuni zilizoandikwa kabla ya hasara, kwa maana baada ya moto kila mtu ana kumbukumbu yake.

Hapa ndipo masomo mawili yanakutana. Moto unaounguza godoro unaunguza kadi iliyokuwa chini yake, pamoja na risiti za kodi na karatasi ya garanti, yaani amana aliyompa mwenye nyumba. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha kodi ya miezi 3 kwa garanti ya nyumba ya kukaa, lakini utaidaije bila karatasi? Aliyeunguliwa anafika mbele ya kampuni au chama akiwa hana uthibitisho kwamba yeye ni yeye. Dawa inaonekana rahisi: tengeneza nakala nyingi, piga picha kila kitu, tuma kwa ndugu wote. Ila hicho ndicho chakula cha mwizi wa jina. Ushahidi ukikaa mahali pamoja unaungua, ukitawanywa ovyo unaibiwa. Sehemu kubwa ya somo hili ni jitihada ya kuishi kati ya hatari hizo mbili.

Nchi hii ilishawahi kulifikiria tatizo hilo. Wazee wa chama cha Mbudye katika ufalme wa Waluba walitunza habari za wafalme, koo na mipaka kwenye lukasa, kibao cha mti chenye shanga na kauri, kinachoshikwa kwa mkono wa kushoto na kusomwa kwa kidole cha mkono wa kulia. Kibao kiliweza kuonekana na yeyote, lakini kilisomwa na aliyefundishwa tu, na waliofundishwa walikuwa zaidi ya mmoja. Siri na nakala zilikaa pamoja. Sijui mfano bora wa kuuweka mbele ya mwanafunzi wa leo.

Kwa hiyo, kabla hujageuza ukurasa, fanya kazi moja ndogo. Andika kwa mkono namba ya kadi yako, tarehe uliyoingia kwenye nyumba, garanti uliyotoa, na vitu vyako vikubwa na bei zake. Mwombe shefu wa kartie au mwenye parsela atie sahihi. Nakala moja ibaki nawe, nyingine mpe mtu mmoja unayemwamini anayelala chini ya paa jingine. Namba ya siri ya simu usiiandike popote. Sura ya kwanza itaanza na karatasi hiyo mkononi mwako.