Mkato na Viunganishi katika Maandishi ya Kazi

Barua ya salamu ikikosa mkato, mpokeaji ataifahamu tu, maana amjua aliyemwandikia. Sivyo yalivyo maandishi ya kazi, yaani maagizo ya mtambo, kanuni za ghala, mikataba na taarifa za mafundi. Hayo husomwa na mtu aliye mbali na mwandishi, wala hana wa kumwuliza. Atatenda kama alivyosoma. Kwa hiyo twapenda kueleza hapa kazi ya mkato, ambao wengi huuita koma, pamoja na kazi ya viunganishi.

Tuanze na shauri lililotokea Marekani katika jimbo la Maine. Sheria ya huko iliamuru kwamba mtu afanyaye kazi zaidi ya saa 40 kwa juma alipwe saa za ziada kwa kiasi cha mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Lakini iliziacha nje kazi fulani za vyakula, na mwisho wa orodha yake twaweza kuueleza hivi: kuuza, kuweka ghalani, kufungasha kwa kusafirisha au kugawa. Madereva wa kampuni ya maziwa, Oakhurst Dairy, hawakufungasha kitu, waligawa tu. Je, kugawa ni kazi ya peke yake, au kazi iliyotajwa ni kufungasha, kwa makusudi mawili? Kabla ya neno "au" hapakuwa na mkato. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona ya kuwa maneno yale yana maana mbili, na kwa desturi ya jimbo lile ya kuzifasiri sheria hizo kwa kumfaa mfanyakazi, ikawapa madereva haki. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 ili shauri liishe. Bunge la jimbo nalo liliiandika upya orodha ile, likazitenga kazi zake kwa nukta mkato.

Msomaji asidhani kwamba hatari hii ni ya Kiingereza peke yake. Tutazame agizo hili: "Mitungi iliyopasuka irudishwe." Hapo hurudishwa ile mibovu tu. Lakini tukiandika, "Mitungi, ambayo imepasuka, irudishwe," twasema kwamba mitungi yote imepasuka, na yote irudi. Mikato miwili imebadili hesabu ya mizigo.

Tena wako wanaofundisha kwamba mkato ni mahali pa kuvuta pumzi. Neno hili lina ukweli kwa asomaye kwa sauti, lakini halitoshi. Afuataye pumzi huandika, "Watu wote wanaofanya kazi katika ghala la pili, wavae viatu vya ngozi." Mkato huo umemtenga mtenda na tendo lake, wala hauna kazi, yafaa uondolewe. Mkato hufuata mpaka wa maana, si urefu wa pumzi.

Sasa tuje kwenye viunganishi. "Mfanyakazi avae glavu na miwani au ngao ya uso." Mmoja atavaa glavu pamoja na kimojawapo cha vile viwili; mwingine atashika ngao peke yake, na mikono yake itaunguzwa na asidi. Afadhali tuandike, "Mfanyakazi avae glavu, tena avae miwani au ngao ya uso."

Neno "na" lataka uangalifu kuliko yote, kwa kuwa lina kazi nyingi: huunganisha, tena humtaja mtenda. "Funguo zikabidhiwe kwa msimamizi na mlinzi." Je, wote wawili wapokee, au mlinzi ndiye atoaye? Hapo kutia mkato hakusaidii, sentensi yenyewe igeuzwe: "Mlinzi amkabidhi msimamizi funguo."

Kadhalika "kwa sababu" likifuata kanusho. "Fundi hakuzima mtambo kwa sababu mkanda ulikatika." Huenda hakuuzima kabisa, huenda aliuzima, lakini kwa sababu nyingine. Ikiwa maana ni ya kwanza, tutangulize sababu: "Kwa sababu mkanda ulikatika, fundi hakuzima mtambo." Ikiwa ni ya pili, tutumie "bali": "Fundi alizima mtambo, si kwa sababu mkanda ulikatika, bali kwa sababu ulipata moto mno."

Wazee wa pwani walioandika barua kwa herufi za Kiarabu hawakuwa na mazoea ya mikato kama yetu. Walitenga mambo kwa maneno: salamu zikiisha waliandika "wa baadu", na jambo jipya lilianza kwa "ama" au "tena". Hayo yatufundisha kwamba kiunganishi kilichochaguliwa vema ndicho nguzo ya sentensi, na mkato ni msaada wake.

Basi mtu akiisha kuandika agizo, ampe mwenzake asiyeijua kazi ile, amwulize, "Utafanya nini?" Akipata njia mbili za kutenda, asimlaumu msomaji. Aikate sentensi iwe mbili, kila moja na tendo lake, kabla karatasi haijabandikwa ukutani.