Mashua Ndogo Inayoongozwa kwa Redio

Tabora ni mbali na bahari. Hata ziwa kubwa haliko karibu. Lakini meli kubwa iliwahi kupita hapa. Ilipita juu ya nchi kavu, ndani ya masanduku.

Meli hiyo ni Liemba. Wajerumani waliijenga mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, wakaiita Graf von Götzen. Kisha waliifungua vipande vipande, wakavitia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yaliletwa Dar es Salaam, yakapakiwa katika treni. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na ilifika Kigoma mwaka 1914. Huko Kigoma mafundi waliunganisha vipande, na tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa ziwani. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wao wenyewe ili isitekwe. Kwanza waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kabla ya reli, mizigo mingi ilibebwa na watu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji. Mwaka 1876 walifikisha Ujiji hata mashua ya Stanley, iliyoitwa Lady Alice. Ilibebwa vipande vipande.

Mpagazi aliweza kubeba kilo 30 au zaidi. Lakini alijua kwamba kilo si jambo la pekee. Mzigo uliofungwa vibaya huvuta upande mmoja. Mtu huanguka, hata kama mzigo wenyewe si mkubwa. Shika neno hilo. Chombo cha majini nacho ni hivyo hivyo.

Katika somo hili tutajenga mashua ndogo ya mfano. Tutaiongoza kwa redio, sisi tukiwa tumesimama ukingoni. Watoto wataifurahia. Lakini sisi watu wazima tutajifunza kwayo jambo linaloweza kuokoa maisha yetu tunaposafiri majini.

KWA NINI CHOMBO HUELEA

Chukua dumu tupu la plastiki, lenye kifuniko. Liweke katika karai la maji, kisha likandamize kwa mkono. Utaona maji yanalisukuma juu. Kadiri unavyolikandamiza, ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu zaidi.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Dumu likisukuma kando lita moja ya maji, maji hayo huweza kubeba kilo moja. Dumu la lita 5 likizama nusu, husukuma kando lita mbili na nusu. Kwa hiyo linaweza kubeba kama kilo mbili na nusu, pamoja na uzito wake lenyewe. Hesabu hii ndiyo inayotumika kwa mtumbwi, na ndiyo inayotumika kwa Liemba.

VIFAA

1. Dumu la plastiki la lita 5, la mafuta ya kula, pamoja na kifuniko chake.
2. Gari la kuchezea la watoto linaloendeshwa kwa rimoti. Rimoti iwe na vitufe vinne: mbele, nyuma, kushoto na kulia. Gari lililovunjika magurudumu linafaa, mradi mota na rimoti ni nzima.
3. Mota moja zaidi, ya ukubwa sawa na mota ya nyuma ya gari hilo.
4. Pangaboi mbili ndogo za plastiki.
5. Kipande cha ubao mwepesi.
6. Mchanga mkavu nusu kilo, na mifuko miwili midogo ya nailoni.
7. Nta ya nyuki, gundi, utepe wa kufungia nyaya, kisu na bisibisi.
8. Mshipi wa kuvulia samaki, mita 20.
9. Betri mpya.

Usianze na ubao wa mninga. Mninga ni mti mzuri kwa milango na vitanda, lakini ni mzito kwa kazi hii.

KAZI YA KWANZA: MWILI WA MASHUA

Lilaze dumu kwa ubavu wake mpana. Upande wa mdomo ndio mbele, yaani omo. Upande wa kitako ndio nyuma, yaani tezi. Kaza kifuniko sana.

Kata dirisha kwenye ubavu wa juu. Urefu wake uwe shubiri moja, na upana wake vidole vinne. Usikate karibu na kingo, maana kingo ndizo zinazolipa dumu nguvu.

Liweke dumu katika karai, uliache kwa muda wa nusu saa. Likiingiza maji, tafuta tundu uzibe. Mashua inayovuja karaini itavuja lamboni.

KAZI YA PILI: JARIBU MZIGO

Usifunge redio bado. Kwanza tujue mzigo ukae wapi. Fanya majaribio haya matatu karaini.

Jaribio la kwanza. Tia mchanga katika mfuko, uufunge, kisha uuweke ndani ya dumu, chini kabisa na katikati. Inamisha dumu kidogo kwa kidole, uliachie. Litarudi na kukaa sawa.

Jaribio la pili. Toa mfuko ule ule, uuweke juu ya gogo dogo lililosimama juu ya dumu. Shikilia kidogo, kisha inamisha kwa kidole. Litalala ubavu. Uzito haukuongezeka hata punje moja. Kilichobadilika ni mahali pake.

Jaribio la tatu. Rudisha mchanga chini. Sasa weka betri chakavu mbili au tatu juu ya dumu, zikiwa huru. Inamisha kidogo. Betri zitabingirika zote upande mmoja, nazo zitaliinamisha dumu zaidi.

Tumejifunza mambo mawili. Mzigo mzito ukae chini. Na mzigo usiweze kuhama. Mabaharia wa pwani wanayajua haya tangu zamani. Jahazi lisilo na shehena hutiwa mawe au mchanga chini, ili lisipinduliwe na upepo. Uzito huo huitwa farumi. Mfuko wako wa mchanga ndio farumi ya mashua yako. Ugandishe kwa gundi usihame.

KAZI YA TATU: MITAMBO

Fungua gari la kuchezea taratibu. Kabla ya kukata waya wowote, chukua daftari uchore. Andika waya wa rangi gani unakwenda wapi. Nyaya mbili huenda kwenye mota ya nyuma, inayoendesha. Nyaya mbili huenda mbele, kwenye mtambo wa kugeuza magurudumu. Ukikata kabla ya kuandika, utabahatisha.

Funga ubao kwa kukingamisha nyuma ya mashua. Simamisha juu yake vijiti viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia. Juu ya kila kijiti funga mota yenye pangaboi. Vijiti viwe virefu kiasi cha pangaboi kuzunguka bila kugusa dumu. Pangaboi zitasukuma upepo nyuma, na mashua itakwenda mbele. Kwa njia hii hatutoboi tundu chini ya mashua. Fundi anayeanza hushindwa mara nyingi na tundu la rafadha, kwa kuwa maji hupenya hapo.

Unganisha mota ya kushoto na nyaya za kuendesha. Unganisha mota ya kulia na nyaya zilizokuwa zikigeuza magurudumu. Sasa bonyeza "mbele": pangaboi ya kushoto itazunguka. Bonyeza "kulia": pangaboi ya kulia itazunguka. Kama pangaboi inapuliza upepo kuelekea mbele, badilishana nyaya zake mbili.

Pangaboi zote mbili zikizunguka, mashua hunyooka. Ya kushoto ikizunguka peke yake, mashua hugeukia kulia. Ya kulia ikizunguka peke yake, hugeukia kushoto. Usukani hauhitajiki.

Weka betri ndani ya mashua, juu ya mfuko wa mchanga, uzifunge zisihame. Kibao cha redio kitie katika mfuko wa pili wa nailoni, ukiweke mahali pasipofikiwa na maji. Waya wa eria usimame nje, ukiwa umefungwa kwenye njiti. Funika dirisha, na matundu ya nyaya uyazibe kwa nta.

Mashua yangu ya kwanza niliifunga betri juu ya kifuniko, ili iwe rahisi kuzibadilisha. Ilikwenda hatua tano hivi. Upepo ukavuma, ikalala ubavu. Rimoti ilikuwa nzima na mota zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa mahali nilipoweka betri. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo darasani wiki iliyotangulia, lakini mkono wangu ulikuwa haujajifunza.

REDIO HUFANYAJE KAZI

Rimoti ni kituo kidogo cha redio. Ukibonyeza kitufe, hutoa mawimbi yasiyoonekana. Eria ya mashua huyapokea. Kibao cha redio huyatambua, kisha huruhusu umeme wa betri uende kwenye mota inayotakiwa.

Angalia vizuri: mawimbi hayaleti nguvu ya kuendesha mashua. Yanaleta amri tu. Nguvu inatoka katika betri zilizo ndani ya mashua. Betri zikiisha, amri itafika lakini kazi haitafanyika.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1898, mtaalamu Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, Marekani, mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio. Wakati huo wapagazi walikuwa bado wanapita Tabora na mizigo yao.

SIKU YA KUISHUSHA MAJINI

Chagua siku isiyo na upepo. Lambo dogo la kijiji linafaa. Kama maji hayo ni ya kunywa, ombeni ruhusa kwanza kwa wanaoyasimamia. Betri chakavu zisitupwe majini.

Funga mshipi nyuma ya mashua, mbali na pangaboi. Rimoti ya gari la kuchezea haifiki mbali. Mashua ikitoka nje ya nguvu zake, haitasikia amri, nawe utaivuta kwa mshipi. Usiingie majini kuifuata, wala usimtume mtoto. Katika malambo mengi kuna kichocho, na mtoto anaweza kuzama mahali ambapo mtu mzima anasimama.

SOMO LA MASHUA HII

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Ndugu msomaji, soma tena namba hizo mbili.

Sisi wa Tabora tunasafiri. Tunakwenda Kigoma kwa ndugu, tunakwenda Mwanza kwa biashara. Huko tunapanda vivuko, boti na mitumbwi. Kwa hiyo tukumbuke karai letu:

1. Soma idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo. Kama haionekani, uliza. Chombo kikizidisha, usipande. Afadhali kuchelewa siku moja.
2. Mizigo mizito iwekwe chini na ifungwe.
3. Kaa chini. Usisimame mtumbwini.
4. Chombo kinapokaribia gati, msikimbilie wote upande mmoja. Watu ni kama zile betri zilizobingirika.
5. Vaa jaketi la kuokolea tangu mwanzo wa safari.

Mtu akikwambia, "Panda tu, Mungu yupo," mjibu kwamba Mungu ametupa pia macho ya kusoma namba.

MANENO MAPYA

Eria: waya unaotoa au kupokea mawimbi ya redio.
Farumi: uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisipinduke.
Lambo: bwawa dogo lililochimbwa na watu.
Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Rafadha: pangaboi ya chini ya maji, inayosukuma meli.
Tezi: sehemu ya nyuma ya chombo.

MASWALI

1. Meli ya Liemba ilifikaje Kigoma?
2. Lita tatu za maji zina uzito wa kilo ngapi?
3. Katika jaribio la pili, uzito haukuongezeka. Kwa nini dumu lilipinduka?
4. Pangaboi ya kushoto ikizunguka peke yake, mashua itageukia upande gani?
5. Umefika kwenye kivuko. Kimeandikwa "Abiria 50". Umehesabu watu 70, na ndugu yako anakuita upande. Utamwambia nini? Jadilini darasani, kisha kila mmoja aandike jibu lake.